Histogramu na Mistari ya Migawanyo Kwenye Grafu Moja: Dhana Potofu na Ukweli

Ukiweka migawanyo (picha za jinsi vipimo vilivyotawanyika) miwili au mitatu kwenye grafu moja, unamwambia msomaji kwamba yote imepimwa kwa rula moja. Makosa karibu yote ya kazi hii hutokea pale rula inapobadilika bila mchoraji kujua. Mifano hapa ni ya programu ya R na kifurushi cha ggplot2, kwa data ya pengwini waliopimwa kwenye visiwa vya Palmer, Antaktiki, kati ya 2007 na 2009. Kuanzia R 4.5.0 data hiyo imo ndani ya R kwa jina `penguins`. Kama toleo lako ni la nyuma, sakinisha kifurushi cha `palmerpenguins`, ambako safu ya urefu wa bawa huitwa `flipper_length_mm` badala ya `flipper_len`. Waliopimwa bawa ni 342 wa spishi tatu: Adelie 151, Gentoo 123 na Chinstrap 68.

Dhana: ukiandika `fill = species` (rangi kwa kila spishi), histogramu, yaani grafu za nguzo zinazohesabu data, zitalaliana.

Hazilaliani, zinabebana. `geom_histogram` isipoambiwa vingine hupanga nguzo moja juu ya nyingine, kwa hiyo nguzo iliyobebwa haianzii sifuri. Tazama eneo la milimita 190 hadi 200, ambako Adelie na Chinstrap wote wapo: msomaji husoma kilele cha rangi ya juu akidhani ni idadi ya spishi hiyo, kumbe ni jumla ya spishi mbili. Kosa hili halitoi onyo lolote, na ndiyo maana linafika hadi kwenye tasnifu. Dawa yake:

```
ggplot(penguins, aes(flipper_len, fill = species)) +
  geom_histogram(binwidth = 3, boundary = 170,
                 position = "identity", alpha = 0.4)
```

`alpha` huifanya rangi ipenyeze ili ya nyuma ionekane. Upana wa nguzo uandike mwenyewe. Usipoutaja, programu hugawa data kwenye nguzo 30 bila kujali unapima nini. Tena, rangi mbili zikipandana huzaa rangi ya tatu isiyokuwepo kwenye ufunguo. Kwa makundi mawili jicho huvumilia. Kwa matatu, afadhali mistari: `geom_freqpoly(aes(colour = species), binwidth = 3)`.

Dhana: mstari wa mgawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele) unapachikwa juu ya histogramu moja kwa moja.

Jaribu, utauona umelala chali juu ya mhimili wa chini. Histogramu inahesabu ndege, ilhali mstari unapima msongamano, yaani eneo lote chini yake ni 1. Chukua Gentoo: wastani ni milimita 217.2 na mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) ni 6.48. Kilele cha mstari wao ni 0.3989 ÷ 6.48, takribani 0.06, na nguzo za jirani zina ndege kwa makumi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, geuza histogramu iwe ya msongamano kwa `aes(y = after_stat(density))`; kwenye `hist()` ya R ya kawaida (bila ggplot2) andika `freq = FALSE`. Ya pili, zidisha mstari kwa idadi ya data mara upana wa nguzo: 123 × 3 = 369, na kilele kinapanda hadi kama 22.7. Usiuokoe mstari kwa kuuongezea mhimili wa pili wa Y upande wa kulia. Mhimili huo unaweza kuvutwa hadi chochote kifanane na chochote.

Dhana: urefu wa msongamano hauwezi kuzidi 1.

Kinachofungwa kwenye 1 ni eneo, si urefu. Mgawanyo wa kawaida wenye mkengeuko sanifu wa 0.1 una kilele cha 3.99.

Dhana: `geom_density`, inayochora mistari ya msongamano kutoka kwenye data, hulainisha makundi yote kwa kiwango kimoja.

Kila kundi hukadiriwa kipimo chake cha kulainisha kutokana na ukubwa na mtawanyiko wake. Kwa mabawa haya Adelie hupata takribani milimita 2.2, na Chinstrap, ambao ni wachache, takribani 2.8. Ukitaka kulinganisha maumbo kwa haki, taja kimoja kwa wote, mfano `bw = 2.5`. Jambo lingine: mistari hukatwa pale data yote inapoishia, milimita 172 na 231, hivyo mkia wa Gentoo hubaki kama umepigwa panga. `expand_limits(x = c(160, 245))` huuachia nafasi ushuke wenyewe.

Dhana: `xlim()` ni ya kukuza sehemu ya grafu tu.

Hii ni ya hatari kuliko zote. `xlim(200, 231)` hufuta kwanza ndege wote walio nje ya mipaka hiyo, kisha huchora. Adelie wachache waliobaki hupewa mstari wenye eneo la 1, kana kwamba spishi nzima ina mabawa marefu. Onyo la safu mlalo zilizoondolewa hutokea, ila wengi hulipita. Kukuza bila kugusa data ni kazi ya `coord_cartesian(xlim = c(200, 231))`.

Dhana: mistari ikipishana sana, makundi hayatofautiani.

Wastani wa Adelie ni 190.0 na wa Chinstrap 195.8, na mistari yao imepandana kweli. Lakini makosa sanifu ya wastani hizo, yaani kiasi ambacho kila wastani ungeweza kuyumba kwa bahati, ni takribani 0.53 na 0.86, kwa hiyo pengo la karibu milimita 6 ni kubwa mno kuitwa bahati. Mchoro unaonyesha ndege mmoja mmoja walivyotawanyika. Swali la wastani linahitaji jaribio lake.

Dhana: kwenye R ya kawaida, `par(new = TRUE)` ndiyo njia ya kuongeza mchoro wa pili.

Hiyo huchora grafu mpya juu ya ile ya kwanza, na mihimili yake yenyewe. Tumia `lines()`, na `density(..., na.rm = TRUE)` kwa sababu pengwini wawili hawana vipimo. Urefu wa grafu huamuliwa na mstari wa kwanza, hivyo wa pili ukiwa mrefu zaidi hukatwa kichwa. Weka mapema `ylim = c(0, max(d1$y, d2$y))`, ambapo `d1` na `d2` ni matokeo ya `density()` ya kila kundi.

Makundi yakizidi manne, yatenganishe kwa `facet_wrap(~species, ncol = 1)`, yakae juu na chini ili mhimili wa X ulingane. Usiongeze `scales = "free_y"` kwenye histogramu za idadi: Chinstrap 68 wataonekana warefu sawa na Adelie 151.