Je, wajua kwa nini Loki aliacha kuwa mungu wa uongo?

Oktoba 1962, katika toleo la 85 la jarida la katuni liitwalo Journey into Mystery, kampuni ya Marvel ya Marekani ilimleta Loki, mungu mlaghai, kama adui wa shujaa wake Thor, mungu wa radi. Tunamkuta amefungwa ndani ya mti, na sharti la kutoka ni moja tu: mtu adondokwe na chozi kwa ajili ya masaibu yake. Nani wa kumlilia Loki? Basi akangoja. Heimdall, mlinzi wa Asgard, mji wa miungu, alipopita chini ya mti, Loki akaangusha jani, jani likampata Heimdall jichoni, chozi likamtoka. Mti ukamwachia.

Ukurasa ule naurudia mara kwa mara. Alihitaji kuhurumiwa, akaiba chozi. Nusu karne baadaye wasomaji walimlilia kwa hiari yao, na hapo ndipo swali lilipo: adui wa namna hii alifikaje kwenye toba?

Jibu jepesi ni Tom Hiddleston, mwigizaji aliyempa Loki sura ya kupendeka katika filamu ya Thor ya mwaka 2011. Kalenda inakataa. Katika katuni, Loki alikuwa ameshakufa akiwatetea mashujaa mwaka 2010, kabla filamu haijaonyeshwa. Yeye ndiye aliyemchochea mhalifu aitwaye Norman Osborn aivamie Asgard. Alipoona mji unaporomoka, akageuka, akawatia mashujaa nguvu kwa mawe ya uchawi, na kiumbe kiitwacho Void kikamuua. Filamu ilimwongezea wapenzi, lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa.

Sababu ya kwanza naiona mbali zaidi, Iceland, katika simulizi zilizoandikwa na Snorri Sturluson karne ya 13. Humo Loki si ndugu wa Thor hata kidogo. Undugu huo ni wa Marvel. Ni laghai anayeharibu na kuleta faida kwa mkono uleule. Siku moja alimkata nywele zote Sif, mke wa Thor. Thor alipotaka kumvunja mifupa, Loki akakimbilia kwa wahunzi wa chini ya ardhi atafute nywele za dhahabu. Huko akaweka dau la kichwa chake na mhunzi aitwaye Brokk, kwamba yeye na nduguye hawawezi kufua vitu bora kama hizo nywele. Walipoanza kufua nyundo, akajigeuza nzi, akamng'ata kope akiwa kwenye mivukuto. Ndiyo maana mpini wa nyundo ya Thor ulitoka mfupi! Dau alilipoteza, kichwa akakiokoa kwa ubishi wa maneno, lakini midomo yake ikashonwa. Kwa hiyo bila utundu wa Loki, Thor asingekuwa na nyundo. Ni Loki huyohuyo aliyesababisha kifo cha Baldr, mungu aliyependwa na wote, kwa hiyo sisemi alikuwa mwema. Nasema katuni za miaka ya 60 zilichukua nusu yake moja tu, ile ya uovu.

Tena nusu hiyo ililipa. Jarida la kila mwezi linahitaji adui anayeshindwa leo ili arudi kesho. Mwaka 1963 Loki alimtumia Hulk, lile jitu la kijani, kumtega Thor, na mtego huo ndio uliowakutanisha mashujaa wakaunda kundi la Avengers. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni: steringi hafi, adui habadiliki. Hata adui akitubu, baada ya matoleo kadhaa mwandishi mwingine atamrudisha kwenye uovu, na toba yote itakuwa bure.

Waandishi wawili Waingereza, Kieron Gillen na Al Ewing, waliifanya kanuni hiyo kuwa ndiyo kisa chenyewe. Baada ya kile kifo, Thor alimkuta Loki amezaliwa upya, kijana mdogo anayeishi kwa utapeli katika mitaa ya Paris, akijiita Serrure, yaani kitasa kwa Kifaransa. Kuanzia 2011 Gillen akamwandika mtoto huyo akirudi Asgard, ambako karibu kila mtu alimchukia kwa makosa asiyoyakumbuka. Thor peke yake alimwamini. Begani alikuwa na ndege aitwaye Ikol, jina la Loki likisomwa kinyumenyume, na ndani ya ndege huyo ulikaa mwangwi wa Loki mzee. Mtoto aliendelea kudanganya, maana hila ndiyo akili aliyozaliwa nayo, lakini sasa alidanganya ili kuokoa.

Mwaka 2012 ikaja siku ya hesabu. Mtego uliotegwa na Loki mzee kabla hajafa ulimfikisha mtoto mahali pa kuchagua: akubali kufutika na yule mzee auchukue mwili wake, au maangamizi yawafike wote. Akakubali, lakini kwanza akamwambia mzee kwamba ameshindwa, kwa kuwa Loki ameonekana akibadilika na jambo hilo halifutiki tena. Kwangu mimi, hapa ndipo toba ya Loki ilipopata uzito. Mzee alishinda mwili, akarithi na dhamiri. Katika matoleo ya Young Avengers ya 2013 anatembea na kivuli cha mtoto aliyemuua kikimsuta.

Ewing akaipokea hadithi mwaka 2014, katika jarida la Loki: Agent of Asgard. Watawala wa Asgard, mama watatu, walimpa Loki mapatano: kila kazi akiimaliza, jalada moja la makosa yake ya zamani litafutwa. Unaona kosa lililomo? Kufutiwa jalada si kutubu. Kisha akatokea Loki mwingine, mfalme mzee kutoka siku zijazo, aliyemwambia kwamba juhudi zote zitaishia kwake. Loki alipomkiri Thor ukweli kuhusu yule mtoto, hakukumbatiwa. Alikataliwa.

Katikati ya mateso hayo ndipo akatambua kwamba uongo, kwa undani wake, ni hadithi iliyosimuliwa. Anayeweza kutunga uongo anaweza kujitunga yeye mwenyewe. Akauvua uungu wa uongo, akawa mungu wa hadithi. Sisi jambo hili halitushangazi sana, maana tangu utotoni bibi akisema hadithi, hadithi, tunamjibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Ulimwengu wa Marvel ulipokwisha katika katuni za mwaka 2015, Loki aliwabeba Waasgardi kama hadithi ili wasipotee. Makosa yake yalibaki yameandikwa, na hilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu kifo cha yule mtoto hakikufichwa ili muuaji wake apendeze.

Wenye tamthilia wakaifuata njia hiyo kwa namna yao. Novemba 2023, katika sehemu ya mwisho ya msimu wa pili wa tamthilia iitwayo Loki, Loki anaketi peke yake akizishika nyuzi za nyakati zote mikononi ili zisikatike, na nyuzi hizo zinatanda kumzunguka kwa umbo la mti mkubwa. Safari hii ameingia mwenyewe.