Kwa nini kinda anayetamba ligi za chini za besiboli hugeuka galasa akipanda Ligi Kuu?

Tarehe 10 Aprili 2024, kijana wa miaka 20 aitwaye Jackson Holliday alivaa jezi ya Baltimore Orioles kwa mara ya kwanza katika mechi ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Mwaka 2022, siku ambayo klabu hupokezana zamu za kuchukua vijana wapya, yeye ndiye aliyetajwa wa kwanza nchi nzima. Baba yake, Matt Holliday, aliwahi kuitwa mara saba kwenye mechi ya nyota wote. Mwaka 2023 pekee kijana huyo alizipita ngazi nne za ligi za chini, na mashabiki wa Baltimore wakawa wanahesabu siku.

Akacheza mechi 10. Katika zamu 34 za kupiga alipata mapigo safi 2 tu, yaani yanayomfikisha mpigaji salama kwenye besi, kituo cha kukimbilia, na mara 18 alitolewa kwa straiki tatu, yaani kushindwa mara tatu kuupiga mpira katika zamu moja. Kabla Aprili haijaisha akarudishwa Norfolk, timu ya Orioles ya ngazi ya chini, na mabishano yakawaka. Wengine walisema avumiliwe, bado mtoto. Wengine wakaanza kutaja majina ya zamani, makinda waliopambwa magazetini wakaishia kusahaulika, na kusema huyu naye ni wa kundi hilo.

Kila klabu ya besiboli ina mabishano haya, na yamekuwepo kwa vizazi. Lakini chini ya kelele zote kuna swali zuri sana. Inawezekanaje kijana aliyekuwa akiwatesa warushaji wiki iliyopita ashindwe kabisa wiki hii, akiwa na mwili uleule na rungu lilelile?

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, jambo la kwanza kulijua ni kwamba kupiga mpira wa besiboli ni kazi ambayo hata mabingwa hushindwa mara nyingi kuliko wanavyofaulu. Uwezo wa mpigaji hupimwa kwa wastani. Anayepata pigo safi mara 3 katika kila zamu 10 huandikiwa .300, na huyo ni nyota. Mwaka 2024 wastani wa ligi nzima ulikuwa .243. Ted Williams alipiga .406 mwaka 1941, na kwa zaidi ya miaka 70 sasa hajatokea mwingine wa Ligi Kuu kumaliza msimu akiwa .400. Hata Michael Jordan, alipoacha kikapu mwaka 1993 na mwaka uliofuata kuchezea Birmingham Barons, timu ya ngazi ya pili chini ya Ligi Kuu, alimaliza na .202 huku akitolewa kwa straiki mara 114. Mwanamichezo yule hakuwa na upungufu wa nguvu wala wa bidii.

Sababu ipo kwenye saa. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa, ambayo siku hizi ni kasi ya kawaida kabisa, humfikia mpigaji ndani ya takriban sekunde 0.4. Kulizungusha rungu kwenyewe kunakula karibu sekunde 0.15. Kinachobaki ni kama robo ya sekunde, na ndani yake mpigaji anatakiwa auone mpira ukitoka mkononi, akisie aina yake, akisie utatua wapi, kisha aamue kupiga au kuacha. Kipa anayekabili penalti ana kazi inayofanana na hii, ila kipa anaruhusiwa kuchagua upande na kuruka. Mpigaji anatakiwa aukutanishe mpira wa mviringo na rungu la mviringo, na akikosea kwa sentimita moja tu mpira unapaa juu ya kichwa chake au unabingirika miguuni.

Lakini kasi peke yake siyo inayowamaliza makinda. Ligi za chini nako wapo vijana wengi wanaorusha kwa kasi ya kutisha. Wanachokosa ni kuuweka mpira pale wanapotaka, na kuwa na mipira mitatu tofauti inayotoka mkononi kwa sura moja: mmoja unanyooka, mwingine unapinda dakika ya mwisho, wa tatu unarushwa kwa mkono wa kasi lakini unakuja taratibu, na mpigaji anajikuta amemaliza kuzungusha kabla haujafika. Mrushaji wa ngazi ya chini akishayaweza yote matatu, hakai huko, anapandishwa. Kwa hiyo kinda anayepiga vizuri ngazi ya chini, sehemu kubwa ya sifa zake kazipata kwa kungoja warushaji wakosee. Juu makosa hayo ni haba, na mtihani wa kweli hauna pa kufanyiwa majaribio isipokuwa hukohuko juu, mbele ya maelfu ya watu.

Kisha kuna viwanja. Mwaka 2005 Brandon Wood, kijana wa klabu ya Angels, alipiga homurani 43, yaani mapigo yanayovuka uzio, akichezea Rancho Cucamonga katika ligi ya California. Ligi hiyo ilikuwa na viwanja vya upande wa jangwani vinavyosifika kwa joto na upepo unaoubeba mpira. Namba zile zilimfanya awe jina kubwa. Alipopata nafasi Ligi Kuu hakuweza kuzirudia hata kwa mbali: mwaka 2010 alipiga .146, na wastani wa maisha yake yote Ligi Kuu ukaishia .186. Mashabiki wa Angels wa umri fulani bado humtaja kila kijana mpya anaposifiwa kwa namba za ligi za chini, na kwa maoni yangu wana haki ya kuuliza namba hizo zimetoka uwanja gani.

Sababu inayonivutia kuliko zote, na ambayo mabishano mengi huiruka, ni kwamba Ligi Kuu humsoma kijana. Wiki mbili tatu za kwanza anaweza kung'ara kwa kuwa hakuna anayemjua. Wakati huo klabu pinzani zinakata video za kila zamu yake, zinahesabu ni mipira gani anaifukuzia nje ya eneo halali na ni pembe ipi rungu lake halifiki. Akionekana ana udhaifu kwenye mpira unaopinda chini, basi ataletewa huo, na atakayefuata atamletea huohuo, mji baada ya mji, mpaka aonyeshe kwamba ameujua. Hapo kijana ana mambo mawili ya kufanya, na yote magumu: kubadili alichokuwa akikifanya tangu utotoni, na kukibadilisha huku anacheza karibu kila siku. Msimu mmoja una mechi 162. Hakuna wiki ya kwenda kujifungia mazoezini, isipokuwa arudishwe chini.

Kwa hiyo kurudishwa chini, ambako mashabiki hukuona kama fedheha, mara nyingi ndiyo nafasi pekee ya kujirekebisha. Holliday alirejea tarehe 31 Julai mwaka uleule, na homurani yake ya kwanza ikaja siku hiyohiyo, besi zote zikiwa na watu. Hata hivyo alimaliza msimu na .189. Wote waliobishana Aprili walipata cha kujivunia.

Je, mwezi wa kwanza unaonyesha nani atatoboa? Angalia waliotangulia. Willie Mays alipopandishwa na Giants mwaka 1951 alianza kwa zamu 12 bila pigo, akapiga homurani moja, kisha akakauka tena mpaka akawa na pigo 1 katika zamu 26. Alilia. Kocha wake, Leo Durocher, akamwambia kwamba yeye ndiye atakayecheza pale katikati na hatamwondoa. Mays alimaliza mwaka ule akiwa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na alipostaafu alikuwa na homurani 660. Mike Schmidt wa Philadelphia alipiga .196 mwaka 1973 na kutolewa kwa straiki mara 136. Mwaka uliofuata akaongoza ligi kwa homurani 36. Aaron Judge wa Yankees mwaka 2016 alipiga .179, straiki 42 katika zamu 84. Mwaka 2017 akapiga homurani 52.

Sasa weka pembeni yao Jarred Kelenic, aliyekuwa tumaini kubwa la Seattle. Mwaka 2021 alipiga .181, mwaka 2022 akashuka hadi .141, na Julai 2023 alivunjika mguu kwa kupiga teke kipoza maji baada ya kutolewa kwa straiki. Weka na Jon Singleton, ambaye Houston walimpa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 10 Juni 2014 kabla hajacheza hata mechi moja Ligi Kuu. Alipiga .168 na kutolewa kwa straiki mara 134 katika mechi 95. Ukifunika majina na kuacha namba za mwanzo peke yake, huwezi kumtenga Judge na Singleton wala Schmidt na Kelenic.

Hesabu nazo zinasema hivyohivyo. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni .300 na umpe zamu 40 tu. Kwa kanuni za kawaida za uwezekano, mara moja katika kila majaribio tisa hivi atajikuta na .200 au chini ya hapo, bila kubadilika chochote, kwa bahati tu ya mipira kwenda mikononi mwa wapinzani. Ndiyo maana mashabiki waliobobea wameacha kuutazama wastani wa mwezi mmoja. Tangu mwaka 2015 viwanja vya Ligi Kuu vina mitambo inayopima kila mpira, na wao hutazama mambo mawili: mpira unatoka kwenye rungu kwa kasi gani, na kijana anafukuzia mipira mingapi iliyo nje ya eneo halali. Anayepiga kwa nguvu lakini mapigo yanadakwa, wanamvumilia. Anayezungusha rungu kwa kila kinachopita, huyo wanamhofia, na mimi naungana nao.

Klabu nazo haziamui kwa uvumilivu mtupu, kuna fedha. Mchezaji anatakiwa kutimiza miaka sita ya utumishi Ligi Kuu ndipo awe huru kwenda anakotaka, na miaka ya mwanzo analipwa kidogo. Ukimpandisha mapema mno unautumia muda huo wa bei rahisi kumfundishia. Tena ana misimu mitatu tu ambayo klabu inaweza kumshusha na kumpandisha kwa hiari yake. Ikiisha, kumshusha maana yake ni kumweka wazi klabu nyingine zimchukue. Detroit wamepitia mzunguko huu na Spencer Torkelson, chaguo la kwanza la mwaka 2020. Alipiga .203 mwaka 2022 na akashushwa. Mwaka 2023 akapiga homurani 31. Mwaka 2024 akashushwa tena. Mwaka 2025 akapiga 31 nyingine.

Na wapo ambao mlango hufunguliwa kidogo tu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia kwenye chumba cha klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi, alisaini na Pittsburgh mwaka 2008. Alikaa ligi za chini mpaka tarehe 26 Aprili 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu. Zamu yake ya kwanza alikutana na Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa wakati ule, akapata pigo safi. Alimaliza mwaka huo na .222, na mwaka uliofuata akiwa Toronto zamu zake zilikuwa chache mno. Kumwita galasa mtu wa aina hiyo ni dhuluma. Alifika mahali ambapo vijana wengi sana wanaosajiliwa hawafiki kamwe, akiwemo Steve Chilcott, ambaye Mets walimchagua wa kwanza mwaka 1966 wakamwacha Reggie Jackson. Chilcott aliumia bega na hakucheza Ligi Kuu hata siku moja, ilhali Jackson alipiga homurani 563.

Wanaoumiza klabu kuliko wote ni wale wanaotupwa kisha wakapona kwingine. José Bautista alipita klabu tano ndani ya mwaka 2004 pekee. Toronto walimfundisha aanze kuzungusha mapema zaidi, kwani alikuwa akichelewa, na mwaka 2010 akapiga homurani 54. J.D. Martinez aliujenga upya mtindo wake wa kupiga baada ya msimu wa 2013, akaenda kuwaambia Houston kwamba amebadilika. Machi 2014 walimwachia bila kupata chochote. Mwaka huohuo akiwa Detroit alipiga .315, na Oktoba 2018 alikuwa kwenye kikosi cha Boston kilichoitoa Houston kwa mechi 4 kwa 1 na kwenda kutwaa ubingwa.