Chaneli 16 ya redio ya lori haitakuokoa baharini

Mwezi huu ni mtu wa nne kuniletea redio za lori akitaka kwenda nazo baharini, na huyu ndiye aliyenimaliza. Nahodha wa Msimbati, mtu mzima, kaja bandani na redio mbili za CB (redio za mawasiliano za raia, zile za malori) zilizofungwa kwenye kanga. Kaletewa na shemeji yake kutoka Marekani. "Fundi, moja nifungie kwenye boti, moja nyumbani. Hizi hazina leseni, serikali ilishaziachia. Na chaneli 16 ya kuomba msaada ipo, nimeiona kwa macho yangu."

Shikamoo mzee. Ipo kweli. Na 17 ipo, mpaka 40.

Sikubishana. Nilichomeka redio kwenye betri, badala ya antena nikaweka kizuizi cha wati 50 ili nisimsumbue mtu hewani, nikawasha kipima masafa (yaani kasi ya mawimbi ya redio, si umbali). Chaneli 16, bonyeza: 27.155 MHz. Nikamwonyesha redio ya baharini iliyopo rafuni, nayo ipo chaneli 16: 156.800 MHz. Hata ukeshe unapiga kelele kwenye ile ya kwanza, meli inayopita Ghuba ya Mnazi haitasikia hata mkoromo.

Namba ya chaneli ni jina la utani tu. Serikali ndiyo inayolitoa, na kila serikali ina yake. Waingereza walipohalalisha CB, Novemba 1981, waliipa FM (namna moja ya kubebesha sauti kwenye mawimbi) na masafa yao wenyewe. Redio zao zikapigwa muhuri wa 27/81. Chaneli 19 yao ipo 27.78125 MHz, wakati 19 ya madereva wa malori wa Marekani ipo 27.185. Namba moja, lakini hawasikilizani.

Hata ndani ya Marekani namba hazijapangika. Mwanzo wa 1977 walitoka chaneli 23 wakaenda 40. Panda kutoka 22 kwenda 23, masafa yanaruka kilohezi 30. Nenda 24, yanarudi nyuma 20! Mara ya kwanza nilipoliona hilo niliifungua redio nzima, nikashinda siku mbili natafuta ubovu. Ubovu haukuwa wa redio. Pale kati ya 22 na 23 palikuwa na nafasi mbili. Chaneli mpya 24 na 25 zikasokomezwa humo, na 23 ikaachwa ilipo kwa sababu redio za zamani zilikuwa tayari ndani ya magari ya watu.

Sasa hili la leseni, ambalo ndilo linalonipandisha presha. Marekani waliifuta leseni ya mtu mmoja mmoja mwaka 1983, Uingereza 2006. Kilichofutwa ni karatasi. Wati 4 zilibaki wati 4, redio kupitishwa kabla ya kuuzwa ilibaki, na busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya redio, ni kosa mpaka leo. Halafu sheria ya Marekani inaishia Marekani. Hapa masafa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, chini ya sheria ya 2010. Shemeji kununua redio dukani kihalali huko hakukupi ruhusa ya kuirusha Mtwara.

Mambo ya AM, FM na SSB, namna tatu za kubebesha sauti, nayapita haraka: Marekani waliruhusu FM mwaka 2021, Waingereza walioanza na FM wakaruhusu AM na SSB mwaka 2014. Kila mmoja kaishia kwenye alichokikataa.

Kuna sheria moja sikuwahi kuielewa, na nitasema wazi. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa marufuku kuongea na mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 250 hivi. Jua likichafuka, 27 MHz inagonga anga na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali, upende usipende. Unamkataza nani, mtu au mbingu? Waliifuta 2017. Mimi mwenyewe nimeshanasa hapa watu wanaoongea lugha nisiyoijua, safi kama wapo Mikindani, na saa hiyo hiyo gari lililo Naliendele silisikii. Ndiyo maana mtu akiniuliza "inafika kilomita ngapi?" namjibu kwa shingo upande. Na kwenye boti ya mbao, isiyo na bati kama la gari la kuisaidia antena kurusha, hesabu zangu zimeshaniaibisha zaidi ya mara moja.

Nahodha alivitazama vile vipimo kimya. Kisha: "Sasa kwa nini waziite jina moja?"

Mzee, hata mimi ningewauliza hilo.

Kaondoka kwenda kuuliza bei na kibali cha redio ya baharini. Zile mbili kaziacha rafuni, niziangalizie mteja. Jana kapita kijana wa malori ya korosho, kazitolea macho: "Fundi, hizo si ndiyo zile zisizo na leseni?"