"Mara moja moja" ni mara ngapi? Maswali na majibu kuhusu chipsi za vibandani

Maswali haya nimeulizwa kwenye vikao vya elimu ya afya Mtwara mjini na Mikindani, na machache yamekuja kwa simu kutoka Masasi na Mtama. Nimeyafupisha. Wengi wanataka niwaambie kama chipsi ni nzuri au mbaya. Mimi nataka kwanza waniambie wanazila mara ngapi.

Mimi chipsi nakula mara moja moja tu. Kuna shida?

"Mara moja moja" ndilo jibu la kila mtu, kwa hiyo siku hizi siliandiki. Ninauliza kurudi nyuma, kuanzia jana. Kuna kijana wa bodaboda nilikaa naye karibu na stendi, naye akaniambia hivyohivyo. Jana usiku ulikula nini? Chipsi mayai, maana alichelewa kurudi. Juzi? Ugali na dagaa, nyumbani. Jumapili? Kulikuwa na mpira, wakanunua kuku na chipsi, wakala watu wawili. Jumamosi? Akacheka: "Zege," yaani chipsi mayai tena. Ijumaa hakuikumbuka kabisa. Alhamisi mishikaki miwili na chipsi kavu. Zimefika mara nne na wiki bado haijatimia.

Wala hakuwa ananidanganya. Chakula cha kununua njiani hakikai kichwani kama mlo, kinabaki kama "nilipita tu pale". Ukitaka kujijua, chukua kalenda ya ukutani na kalamu, kila siku uliyokula cha kibandani weka alama. Mwezi wa kwanza usibadili chochote, kula kama kawaida yako. Usimwonyeshe mtu, utaanza kula kwa ajili ya kalenda.

Sasa mara ngapi ndiyo nyingi?

Hakuna namba iliyowekwa kisheria. Ninachokitegemea mimi ni utafiti mmoja wa Marekani, uliotolewa mwaka 2005 na Mark Pereira na wenzake. Walifuatilia watu 3,031 kutoka miji minne: Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Watu hao walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 30 utafiti ulipoanza mwaka 1985 na 1986, na waliendelea kuulizwa na kupimwa kwa miaka 15. Swali mojawapo lilikuwa hilihili letu: unakula mara ngapi kwenye migahawa ya vyakula vya haraka?

Waliokula zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwanzoni na hata mwishoni, waliongezeka kilo 4.5 zaidi ya wale waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Pia miili yao ilizidi kuipuuza insulini, ongezeko mara mbili ya wenzao. Insulini ndiyo inayoingiza sukari kutoka kwenye damu kwenda mwilini. Mwili ukianza kuipuuza, kongosho inalazimika kutoa nyingi zaidi, na siku ikichoka, kisukari kinabisha hodi.

Sasa piga hesabu. Kilo nne na nusu kwa miaka 15 ni gramu 300 kwa mwaka. Nani atazihisi? Hata tundu la mkanda halihami mwaka huo. Ndiyo maana mtu anakuja kupimwa akiwa na miaka 40 anashangaa kitambi kimetoka wapi, na yeye "hajabadilisha chochote".

Niseme pia kwamba utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kila kitu. Mtu wa chipsi nyingi huenda pia ndiye mtu wa kukaa sana mbele ya televisheni. Watafiti walijaribu kuyatenga mambo hayo na tofauti bado ilibaki. Kwangu mimi, mara moja kwa wiki sina neno nawe. Ukifika mara tatu, tukae tuzungumze.

Hao ni Wamarekani na baga zao. Sisi huku Mtwara inatuhusu nini?

Swali zuri, na sikubali kulipita haraka. Wenzetu hilo kwao ni la siku nyingi: hesabu za serikali yao za miaka ya 2013 hadi 2016 zilionyesha kwamba kwa siku yoyote, karibu 37% ya watu wazima walikuwa wamekula chakula cha haraka. Kwa wenye miaka 20 hadi 39 ilikuwa karibu 45%, na kwa waliofika 60, 24%. Sisi hatuna migahawa hiyo kila kona. Tuna karai.

Simama pale kibandani uangalie, kama nilivyosimama mimi jioni moja. Viazi vimeshakaangwa nusu tangu mchana, vimepangwa kwenye kabati la kioo chini ya taa. Ukiagiza vinarudi kwenye mafuta mara ya pili. Ukitaka mayai, kikaangio kinapata upawa wake wa mafuta, chipsi zinaingia, mayai mawili yanamiminwa juu. Juu ya hapo chumvi, tomato sosi, na soda mkononi. Viazi vya kuchemsha gramu 100 vina kalori kama 87. Uzito huohuo wa chipsi unakaribia 300, kwa sababu maji ya kiazi yametoka na mafuta yameingia. Zege la sahani iliyojaa, kwa hesabu yangu ya juu juu, linaweza kufika kalori 1,000, na mtu mzima wa kazi za kawaida anahitaji 2,000 na kitu kwa siku nzima.

Na uzito kwetu unapanda. Mwaka 1991/92, wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi au kiriba tumbo walikuwa 11%. Kufikia 2015/16 walikuwa 28%. Chipsi peke yake hazikufanya hivyo, lakini zimo.

Mume wangu msimu wa korosho ukianza hali tena nyumbani. Nifanyeje?

Dada, hauko peke yako. Minada ikianza Oktoba na hela zikiingia, vibanda vya chipsi na kuku vinaongezeka mjini na hata vijijini. Miezi mitatu ya msimu mimi sina ugomvi nayo. Angalia Machi. Hela zimekwisha lakini mazoea yamebaki: kuku ameondoka, chipsi kavu bado zipo. Mwaka unaofuata msimu unaanzia pale ulipoishia, si pale ulipoanzia. Kwa hiyo usimgombeze Novemba, utapoteza. Machi mwite mezani, kwenye ugali wa makopa na kisamvu cha nazi, kabla hajatoka.

Mimi ni mwembamba na nabeba mizigo sokoni. Nina haja gani?

Kubeba mizigo kunakusaidia sana. Lakini chumvi haiangalii wembamba. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Presha nimeikuta kwa wembamba wengi. Pima.

Mafuta yakiwa meusi?

Usile. Mafuta yaliyochomwa siku nyingi yanaharibika, na utayajua kwa rangi, povu na harufu. Tafuta kibanda kingine.

Nikiacha chipsi nikaenda kwa mama lishe, nimepona?

Kwa kiasi. Kwa mama lishe unapata maharage, mchicha, samaki wa mchuzi. Ila mlima wa wali wenye kijiko kimoja cha mboga ubavuni nao una hesabu zake. Mwambie apunguze wali aongeze mboga. Wengi hawakatai, sema tu hawajawahi kuombwa.

Mtoto wangu wa shule bila chipsi hali.

Usimkataze ghafla, atazila kwa rafiki. Ipe siku moja, tuseme Jumamosi, na soda isiwemo: chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, vijiko vya chai saba au nane. Siku nyingine kuna ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha yenye chumvi kidogo na pilipili, mihogo, njugu mawe. Ming'oko watoto wa Lindi na Mtwara wanaipenda wenyewe, ni sisi wazazi tumeanza kuiona ya kizamani.

Nikienda kibandani, niagizeje?

Chipsi kavu. Kachumbari mara mbili, hata ukiongeza mia mbili. Chumvi nyunyiza mwenyewe, maji badala ya soda, na kama mko wawili chukueni sahani moja. Halafu ukiwa pwani, pitia kwanza kwa muuza pweza, kikombe cha supu na vipande vichache. Ukifika kwenye chipsi utakuwa umeshiba nusu.