Udumavu Malindi: yanayosemwa na yalivyo

"Kina mama hawajui lishe. Waelimishwe tu."
Hii ndiyo huisikia zaidi, na ndiyo huniudhi zaidi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto walio chini ya miaka 5 kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Kenya nzima ni asilimia 18. Hivi kweli ujinga umekuja kurundikana kwetu? Mama wa Ganda au Jilore, huku Malindi, ameshaambiwa kliniki kwamba mtoto akitimiza miezi 6 aongezewe yai, dagaa na mboga. Anajua. Lakini maji anayochota si salama, mtoto anaharisha kila mara, na kuhara kwa mfululizo hudumaza hata anayekula. Habari hiyo nesi anayo. Je, imefika kwa ofisa wa maji? Wa kilimo naye, anapogawa mbegu, ameambiwa nyumba zipi zina watoto wachanga? Idara zote hizo ni za serikali moja ya kaunti, na mlango zinaoubisha ni mmoja.

"Barua imetumwa, basi ujumbe umefika."
Tangu ugatuzi uanze 2013, nesi wa zahanati yuko chini ya kaunti. Chifu anayeitisha baraza yuko chini ya serikali kuu. Kwa hiyo taarifa ya siku ya kupima watoto hupanda ngazi moja na kushuka nyingine, na ikikwama, mizani inafika kijijini watu wako shambani. Hata baraza likijaa, tazama nani amekaa: wazee mbele, na nyanya anayekoroga uji wa mjukuu amebaki nyumbani. Huyo afuatwe kwake, tena kwa Kigiriama ikiwa ndiyo lugha ya nyumba.

"Ripoti zimepelekwa, kazi imekwisha."
Mhudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, akaandika. Takwimu zinakwenda zahanati, kaunti ndogo, kaunti, Nairobi. Zinazorudi kijijini ni chache mno. Kwa maoni yangu kasoro kubwa iko hapa, maana aliyehesabu hapewi jibu la hesabu yake.

"Ni urithi, sisi ni wafupi."
Vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Waliolelewa vizuri walikua kwa urefu unaokaribiana sana.

"Mkanda wa mkono umeonyesha kijani, mtoto yuko sawa."
Mkanda huo wa rangi, unaozungushwa mkononi kupima unene wa mkono, hutambua kukonda. Udumavu hujulikana kwa kulinganisha urefu na umri, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene. Fungua kitabu cha kliniki, tafuta chati ya urefu. Ikiwa ni tupu, mwambie nesi alete ubao wa kupimia.