Je, wajua kwa nini sonata ileile ya Beethoven husikika kama mbili?

Juu ya ukurasa wa kwanza wa sonata (utungo wa ala wenye sehemu kadhaa) ambayo dunia imezoea kuiita ya Mbalamwezi, Beethoven aliacha agizo kwa Kiitaliano: sehemu hii yote ipigwe kwa ulaini mno, tena "senza sordino", yaani bila vizimasauti. Kizimasauti ni kile kipande chenye kitambaa kinacholalia nyuzi za piano na kuzinyamazisha kidole kinapoondoka. Ukiviinua vyote mwanzo hadi mwisho, kila nota utakayoigusa itavuma mpaka ife yenyewe, na nyingine zitarundikana juu yake.

Jaribu kulifuata agizo hilo kwenye piano kubwa ya ukumbi wa leo. Kanyaga pedali ya kulia, ile inayoviinua vizimasauti, na usiiachie. Mkono wa kulia unatembea polepole, nota tatu tatu, na wa kushoto unashika besi. Kwenye kipimo cha pili, yaani kifungu cha pili cha mapigo, besi inashuka ngazi moja, lakini ile ya kwanza bado inanguruma, na zile mbili zinagombana huko chini. Kipimo cha tatu zinaingia nyingine. Wimbo wenyewe unapoanza, kwenye kipimo cha tano, tayari umekanyaga tope. Ndiyo maana mpigaji piano wa leo kwa kawaida huiachia pedali na kuikanyaga upya kila besi inapobadilika, kinyume kabisa na alichoandika mtunzi.

Ni rahisi kumsingizia uziwi. Sonata ilitungwa mwaka 1801, na mwaka huohuo Beethoven alianza kuwaungamia marafiki zake kwa barua kwamba masikio yanamsaliti. Lakini masikio hayakuwa na kosa hapa. Aliandika kwa ajili ya kifaa kilichokuwa mbele yake, na kifaa hicho sicho tunachokiita piano leo.

Mara ya kwanza niliposikia sonata hii ikipigwa kwenye fortepiano, yaani piano ya enzi zile, nilizitoa spika za masikioni nikazifuta kwa shati. Nilidhani zimeharibika. Sauti ilikuwa nyembamba, ina ukavu wa mti ndani yake, na kila nota ilianza kwa mguso unaosikika waziwazi kisha ikafifia kabla sijaishiba. Nikarudia. Safari ya pili nikagundua kwamba mpigaji hakuwa amezizima nyuzi hata mara moja. Besi ya kwanza ilikuwa imeshakonda kufikia ile ya pili. Zilipokutana hazikugombana, zilipita kama watu wawili wanaosalimiana mlangoni, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Palibaki ukungu mwembamba tu, na ukungu huo ndio Beethoven alioutaka.

Sababu imo ndani ya sanduku. Piano za Vienna za miaka ya 1780 na 1790, kama zile za fundi Anton Walter, zilijengwa kwa mbao tupu. Hazikuwa na fremu ya chuma cha kusubu, kwa hiyo nyuzi zake zilikuwa nyembamba na zilikazwa kwa kiasi, la sivyo sanduku lingepinda. Vinyundo vilikuwa vidogo, vimevikwa ngozi. Piano kubwa ya leo ina fremu nzito ya chuma inayobeba mvuto wa nyuzi wa takriban tani 20, na vinyundo vyake vimevikwa sufu nene iliyoshindiliwa. Ngozi hugusa uzi na kuruka, ndiyo maana unausikia mwanzo wa kila nota kama konsonanti mdomoni mwa msemaji mzuri. Sufu huusukuma uzi, na sauti inatoka ya mviringo, nene, yenye pumzi ndefu.

Mozart alikuwa na piano ya Walter, na ipo hadi leo mjini Salzburg. Ina vibonyezo 61, oktava tano tu, na uzito wake haufiki kilo 100. Baba yake, Leopold, alipokwenda kumtembelea Vienna mwaka 1785 alimwandikia binti yake kwamba tangu afike, piano ya ndugu yake imeshatolewa nyumbani si chini ya mara kumi na mbili, ikipelekwa ukumbini au kwenye nyumba za watu. Wabebaji wachache walitosha. Piano ya Steinway ya ukumbini leo ina urefu wa mita 2.74 na uzito wa karibu nusu tani. Hiyo huiendei na mapagazi.

Hata rangi ziligeuzwa. Kwenye piano ile ya Mozart vibonyezo vikubwa ni vyeusi na vidogo ndivyo vyeupe. Ule weupe wa pembe tunaouona kwenye piano za zamani za Marekani una habari yake nyingine, nayo inatuhusu: katika karne ya 19 shehena za pembe za ndovu zilitoka bara, zikapita Unguja, zikavuka bahari hadi miji ya Ivoryton na Deep River jimboni Connecticut, kukatwa vipande vya kuvalisha vibonyezo. Ivoryton maana yake ni mji wa pembe. Anayezigusa piano hizo anagusa ndovu wa Unyamwezi na Manyema.

Turudi kwenye sauti. Msikilizaji wa taarab hahitaji kushawishiwa sana. Chukua wimbo uliotungwa kwa kanuni na udi, vyombo ambavyo uzi ukichanwa unalia na kunyamaza, halafu upigwe na kinanda cha umeme chenye sauti isiyokatika mpaka uinue kidole. Nota ni zilezile na maneno ni yaleyale, lakini zile nafasi ambazo mwimbaji alikuwa akizijaza kwa kutetemesha sauti zimeshazibwa. Mtunzi huandika na ukimya wa chombo chake pia.

Na kasi nayo hufuata chombo. Sehemu hiyo ya kwanza ya Mbalamwezi (jina lenyewe lilibandikwa baada ya Beethoven kufa) imeandikwa ihesabiwe mapigo mawili kwa kila kipimo, si manne. Kwenye fortepiano huna hiari: ukiivuta mno, nota ya wimbo inakufa kabla haijaifikia ya pili, na unabaki na matone badala ya wimbo. Piano ya kisasa inaibeba nota muda mrefu, basi wapigaji wakajipa ruhusa ya kuvuta, wakavuta mpaka sonata ikafanana na msiba. Mimi hapo siwafuati.

Kuna na suala la nguvu, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Sikiliza sonata ya Mozart K. 310 (K. ni namba katika orodha ya kazi zake), ya mwaka 1778. Mkono wa kushoto unagonga nota kadhaa kwa pamoja, tena na tena, kama mtu anayebisha mlango uliofungwa kwa ndani. Kwenye Steinway mpigaji mwenye adabu lazima ajizuie, maana akigonga kweli mlango utavunjika na wimbo wa juu utafunikwa. Kwenye piano ya Walter anaweza kutoa yote aliyo nayo, na kifaa nacho kinatoa chote kilicho nacho. Unasikia kitu kinachofika mwisho wa uwezo wake. Sauti kubwa ya Steinway iliyozuiwa na sauti ndogo ya Walter iliyokazwa zinaweza kufika sikioni zikiwa na kimo kimoja, lakini moja imetulia na nyingine inahema. Beethoven aliishi kwenye mpaka huo. Mtunzi Anton Reicha alisimulia jinsi alivyokaa kando yake siku moja amfungulie kurasa, kumbe kazi kubwa ikawa ni kuzichomoa nyuzi zilizokatika na kuvinasua vinyundo vilivyokwama.

Mpaka mwingine ulikuwa wa upana. Wanakwaya watanielewa haraka: piano ya oktava tano iliishia kulia kwenye fa. Katika sonata ya Beethoven Op. 10 namba 3 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi), iliyochapishwa mwaka 1798, wimbo wa sehemu ya kwanza unapanda kwa kasi mpaka unahitaji nusu ngazi zaidi ya hiyo fa, na mbao zimekwisha. Beethoven akaandika njia ya kuzunguka. Wapigaji wengi wa leo huiongeza nota inayokosekana, kwa kuwa wanayo. Wengine hukataa. Mimi naipenda ile kona ya dharura kuliko nota yenyewe, ila sitagombana na mtu.

Sasa umeingia mtandaoni, umetafuta sonata moja, zimekuja rekodi arobaini. Uchague ipi? Cha kwanza, soma maelezo ya rekodi uone ni kifaa gani. Neno "ya kale" peke yake halikuambii kitu. Piano ya Walter ya mwaka 1795 na ya fundi Conrad Graf ya mwaka 1825 zimetengana kama baiskeli na pikipiki. Kumpiga Mozart kwenye Graf si kumsogelea. Beethoven mwenyewe alipitia vifaa vingi: Érard kutoka Paris mwaka 1803, Broadwood aliyotumiwa kutoka London, kisha Graf mwishoni mwa maisha yake.

Pili, usihadaike na neno "halisi". Piano ya Mozart ilipokuwa nyumbani kwa Mozart ilikuwa mpya. Leo ina miaka zaidi ya 200, mbao zimechoka, ngozi imekauka. Nakala nzuri iliyotoka karakana juzi inaweza kukaribia zaidi alichokisikia yeye. Ndiyo maana wapigaji wawili ninaowarudia sana, Ronald Brautigam kwa Beethoven na Kristian Bezuidenhout kwa Mozart, wametumia nakala za fundi Paul McNulty. Brautigam ana haraka na makali. Bezuidenhout huzungumza na kila kifungu cha wimbo, na mara nyingine huongeza mapambo yake pale Mozart anaporudia, jambo lililokuwa la kawaida enzi hizo.

Kama unataka kulinganisha bila kuchanganya mkono wa huyu na wa yule, mtafute Paul Badura-Skoda. Alizirekodi sonata zote 32 za Beethoven kwenye vifaa vya enzi zile, na pia kwenye piano ya kisasa ya Bösendorfer. Vidole ni vya mtu mmoja, kinachobadilika ni chombo.

Upande wa kisasa kuna hazina ambayo sitakubali idharauliwe kwa ajili ya fortepiano. Artur Schnabel alikuwa wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, kati ya 1932 na 1935. Rekodi zina mchakacho, na nota za kukosea zimo, lakini sehemu za polepole za Schnabel zina utulivu ambao sijausikia kwingine. Kwa sonata ya Beethoven Op. 111, ya mwaka 1822, hasa pale mwishoni nota za juu zinapotetemeka muda mrefu kama taa ya mbali baharini, mimi ni mtu wa piano ya kisasa. Naihitaji ile pumzi ndefu. Kwa Haydn, Mozart na Beethoven kijana, nipe mbao na ngozi.

Usiku mmoja kaa na sonata ya Mbalamwezi, rekodi tatu. Anza na yoyote ya kisasa ya kawaida. Fuatisha Brautigam. Kisha mweke András Schiff, ambaye yuko kwenye piano ya kisasa lakini amelichukua agizo la Beethoven kwa uzito: haikanyagi pedali hadi chini, huibonyeza kidogo tu na kuiacha hapo, na haivuti kasi. Subiri kipimo cha pili, besi inaposhuka ile ngazi moja, usikilize kilichobaki cha ile ya kwanza.