ADHD na maumivu ya kukataliwa: maswali ninayoulizwa kila mara

Je, hali hii ni nini?
Ni maumivu makali ya moyoni yanayomshika mtu ghafla anapokataliwa, anapokosolewa, au anapodhani tu kwamba amekataliwa. Huwasumbua wengi wenye ADHD (hali ya ubongo inayovuruga umakini na kuleta pupa), ambao hupata shida kudhibiti hisia kama wanavyopata shida kudhibiti umakini. DSM-5, mwongozo wa mwaka 2013 wa madaktari wa akili wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, hauitambui kama ugonjwa wa pekee, lakini mateso yake ni ya kweli.

Je, huko si kudeka?
Hapana. Mtu hujibiwa kwa neno moja tu, "Sawa", akalisoma mara ishirini, akaamini kwamba urafiki umekwisha, na kabla ya jioni ameshaandika barua ya kuacha kazi. Hakuna anayejitakia hayo, na kumwita mdekaji humfundisha kuficha maumivu tu.

Mwanangu husema heri afe kila anapokemewa. Nisubiri atulie?
Usisubiri. Wazazi huniambia, "Anatishia tu, kesho atasahau," na wengine huniletea mtoto akiwa ameshameza vidonge. Usisubiri hata ukimwona anacheka saa moja baadaye, kwa sababu hisia hizi hupanda na kushuka upesi, na hatari imo katika zile dakika za kupanda. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ondoa dawa na vitu vyenye makali, wala usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimtii wazo hilo kichwani.

Hutibiwaje?
Tunaanza na ADHD yenyewe. Dawa iitwayo methilfenideti huweza kumpa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu. Baadhi ya madaktari hutumia dawa za guanfasini au klonidini, ambazo pia hushusha shinikizo la damu. Tafadhali msiziache ghafla kwa kuwa "nimepata nafuu", maana shinikizo linaweza kupanda vibaya. Pamoja na dawa, tiba ya mazungumzo humzoeza mgonjwa kuandika upande mmoja kilichosemwa na upande wa pili alichokielewa yeye, na kutotuma jibu lolote mpaka mapigo ya moyo yatulie.

Pombe haisaidii?
Haisaidii. Huongeza pupa na huzuni.

Nimrekebisheje basi mtu mwenye hali hii bila kumuumiza?
Mwite faragha, taja kosa moja tu, la leo, kisha mwambie waziwazi kwamba hujamchukia, hata kama unadhani anajua.